Paka Machoni pa Mataifa

Jioni moja, nilipokuwa nikitoka shuleni, niliwakuta watoto watatu njiani wakimfukuza paka mweusi kwa mawe. Nikawauliza, "Amewakosea nini?" Wakanyamaza kwanza, kisha mmoja akajibu, "Mwalimu, huyu ni paka wa bibi wa pale bondeni. Wasema bibi humtuma usiku." Nikauliza tena, "Nani asema?" Wakatazamana, wala hakuna aliyejua jibu. Nami namfahamu bibi yule. Ni mjane, watoto wake wako mbali, na mahindi yake huyaweka darini juu ya jiko. Paka amemfuga kwa sababu ya panya, basi.

Niliwakataza watoto, nao wakaacha. Walakini neno lile halikunitoka moyoni. Nilikumbuka ya kuwa mnyama huyu mdogo amesingiziwa mambo makubwa katika nchi nyingi: hapa ameitwa mungu, pale ameitwa shetani, na kwingine ameitwa mleta bahati. Kwa hiyo nimeona vema kuwaandikia wasomaji habari zake, jinsi alivyofika kwa wanadamu, na jinsi mataifa mbalimbali walivyomchora, walivyomchonga na kumtungia hadithi. Habari hizi si za mchezo tu, maana damu ya watu imemwagika kwa ajili yake, kama tutakavyoona.

Kwanza tujue asili yake. Paka wote wa nyumbani, wawe wa Ulaya, wa Asia au wa kwetu, ni uzao wa paka wa mwitu mwenye rangi ya majani makavu na milia hafifu, ambaye hata leo yuko Afrika na katika nchi za Mashariki ya Karibu. Mwaka 2007 wataalamu walieleza ya kuwa walilinganisha chembe za urithi za paka karibu 1,000, wa mwitu na wa nyumbani, wakaona kwamba wa nyumbani wote wafanana na yule wa Mashariki ya Karibu. Sababu yake si ngumu kufahamu. Yapata miaka 10,000 iliyopita watu wa nchi zile walianza kulima ngano na shayiri, wakaweka nafaka ghalani. Nafaka ikaleta panya, na panya wakamleta paka. Ng'ombe alikamatwa akafungwa kamba. Mbwa alifuatana na wawindaji. Bali paka alikuja kwa miguu yake, akaona kazi, akakaa.

Ushahidi wa urafiki huo wa kale umeonekana katika kisiwa cha Kipro, ambacho wasomaji wakijua kwa safari ya Paulo na Barnaba. Mwaka 2004 wachimbuzi wa mambo ya kale kutoka Ufaransa walitangaza habari za kaburi moja lenye umri wa miaka 9,500 hivi. Mtu amezikwa humo pamoja na vitu vyake, na karibu naye, umbali upatao sentimeta 40, amezikwa paka wa miezi minane. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Basi yule paka au wazazi wake waliletwa chomboni kuvuka bahari, na mtu hampakii chomboni mnyama asiyempenda au asiyemhitaji.

Sasa tuende Misri, maana huko ndiko paka alikopata heshima kuu. Katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London iko picha iliyotolewa katika kaburi la mtu mmoja aitwaye Nebamun, aliyeishi yapata mwaka 1350 kabla ya kuzaliwa Kristo. Nebamun alikuwa karani wa kuhesabu nafaka ya hekalu. Katika picha hiyo amesimama mtumbwini akiwinda ndege kwenye mafunjo, pamoja na mkewe na binti yake. Mbele yake yumo paka mwenye milia, ambaye amekamata ndege watatu kwa mara moja, kwa meno na kwa makucha. Jicho la paka huyo limepakwa dhahabu. Wala si ajabu kwamba karani wa nafaka alimpenda paka: mshahara wake ulitoka ghalani, na mlinzi wa ghala ni huyo.

Lakini Wamisri hawakuishia kwenye shukrani. Walikuwa na mungu wa kike aitwaye Bastet, ambaye hapo kwanza walimchonga na kichwa cha simba, na baadaye wakamchonga kwa sura ya paka. Mji wake mkuu Wayunani waliuita Bubastis. Ndio mji ambao nabii Ezekieli ameutaja kwa jina la Pi-besethi. Watu walisafiri huko kwa mashua, makundi kwa makundi, wakiimba na kupiga makofi. Mafundi wakafanya sanamu za paka za shaba kwa maelfu, ili mwabudu anunue moja na kuiweka hekaluni. Sanamu moja nzuri sana ya namna hiyo iko London, nayo huitwa kwa jina la Gayer-Anderson, ofisa Mwingereza aliyeitoa kwa makumbusho. Urefu wake ni sentimeta 42. Paka ameketi wima na miguu ya mbele pamoja, masikio yamesimama, na amevishwa vipuli vya dhahabu masikioni na pete ya dhahabu puani. Ukiitazama sanamu ile utadhani imesikia hatua za panya sasa hivi. Fundi yule aliyaangalia mambo ya paka kwa uangalifu kabla ya kuyeyusha shaba yake.

Herodotus, Myunani aliyefika Misri katika karne ya tano kabla ya Kristo, aliandika ya kwamba paka akifa nyumbani kwa maradhi, watu wote wa nyumba ile hunyoa nyusi zao kwa msiba. Na Myunani mwingine, Diodorus, aliyekuwako Misri yapata mwaka 60 kabla ya Kristo, asimulia jambo aliloliona kwa macho yake. Mrumi mmoja alimwua paka kwa bahati mbaya. Watu wakaizunguka nyumba yake. Mfalme akatuma maofisa kumwombea, maana aliiogopa Rumi. Lakini haikufaa kitu, umati ukamwua. Mtu yule hakuiba wala hakuua mwanadamu. Aliuawa kwa sababu watu waliona katika paka kitu ambacho paka mwenyewe hanacho.

Msomaji atasema, "Angalau huko Misri paka walistarehe." Sivyo. Desturi ilikuwa kumtolea Bastet paka aliyekaushwa kwa dawa na kufungwa vitambaa kwa ufundi, kama maiti ya mtu mkubwa. Waliotaka kutoa sadaka hiyo walikuwa wengi mno, hata paka waliokufa kwa uzee hawakutosha. Wataalamu walipozipiga picha za eksirei maiti hizo, waliona kwamba nyingi ni za paka wachanga, na wengine shingo zao zimevunjwa. Walifugwa ili wauawe na kuuzwa kwa waabudu. Walikuwa wengi kiasi gani? Mwaka 1888 mkulima mmoja karibu na Beni Hasan alifukua shimo lililojaa maiti za paka. Mwaka 1890 shehena ya tani 19 ililetwa Liverpool katika Uingereza, inayokisiwa kuwa paka 180,000, ikauzwa mnadani, ikasagwa, ikawa mbolea ya mashamba. Huo ndio mwisho wa miungu ile.

Ndugu wasomaji, katika vitabu vya Biblia vya Agano la Kale na Jipya vilivyo katika Kiebrania na Kiyunani cha Mitume, paka wa nyumbani hatajwi popote. Atajwa mara moja tu katika Barua ya Yeremia, ambayo baadhi ya makanisa huisoma mwishoni mwa kitabu cha Baruku. Mwandishi wake awacheka miungu wa Babeli, akisema kwamba popo na mbayuwayu hutua juu yao, na paka vilevile. Nao hawawezi kuwafukuza! Huyo ndiye paka wa kweli. Mjini Bubastis watu walimpigia magoti. Mjini Babeli yeye alipanda juu ya sanamu ya mungu akaketi, kwa kuwa hapo palikuwa na nafasi nzuri ya kukalia.

Tutoke Misri twende mashariki ya mbali, hata Japani, ambako paka alifika kwa njia ya China. Kwanza alikuwa mali ya wakuu, akifungwa kamba ya hariri asipotee. Lakini panya walizidi mijini, na mwaka 1602 amri ikatolewa mjini Kyoto kwamba paka wafunguliwe kamba, waende watakako. Katika vijiji vilivyofuga viwavi vya hariri paka alikuwa na thamani kuliko mapambo yote, maana usiku mmoja wa panya waweza kumaliza kazi ya majira yote. Wale wasio na paka walinunua picha ya paka, wakaitundika ukutani ili panya waogope. Mchoraji mashuhuri Utagawa Kuniyoshi, aliyekufa mwaka 1861, alipenda paka hata chumba chake cha kazi kilijaa paka. Naye alichora picha ya namna hiyo. Kama panya walidanganyika, wao ndio wajuao.

Wajapani wanayo pia sanamu ndogo ya udongo, ya paka aliyeketi na kuinua mkono mmoja, ambayo huwekwa dukani mlangoni. Wasema huita wanunuzi na fedha. Wageni wa Ulaya hudhani paka yule anaaga, kwa sababu wao humwita mtu kwa kiganja kilichoelekea juu. Bali sisi twafahamu mara moja, maana Wajapani humwita mtu kama sisi tumwitavyo, kiganja kikielekea chini. Hadithi yake husimuliwa hivi katika hekalu la Gotokuji, lililoko Tokyo. Palikuwa na kuhani maskini aliyekuwa na paka, akagawana naye chakula chake kidogo. Siku moja bwana mkubwa aitwaye Ii Naotaka alipita na watu wake, akasimama chini ya mti. Akamwona paka mlangoni pa hekalu ameinua mkono kama amwitaye mtu. Akastaajabu, akaingia. Mara mvua kubwa ikanyesha, na radi ikapiga pale nje. Bwana yule akashukuru, akalifanya hekalu lile kuwa la jamaa yake, na umaskini wa kuhani ukakoma. Mpaka leo watu huacha huko sanamu nyeupe za paka, zimepangwa kwa mamia. Kuhusu umri wa sanamu hizo, tuna picha ya mwaka 1852, kazi ya mchoraji Hiroshige, ionyeshayo mahali zinapouzwa mjini.

Lakini Wajapani hao hao wana hadithi za kutisha pia. Wasema paka akizeeka mno, mkia wake hupasuka ukawa miwili, naye husimama kwa miguu ya nyuma, akacheza ngoma usiku na kuwadhuru wenye nyumba. Tazameni: mnyama ni mmoja, na nchi ni moja, lakini mchana ni mleta bahati, na usiku ni pepo.

Wachina nao wamemchora paka kwa sababu nyingine, ambayo itawafurahisha wapenzi wa mafumbo. Katika lugha yao jina la paka lakaribiana kwa sauti na neno la mtu aliyetimiza miaka 80 au 90, na jina la kipepeo lakaribiana na neno jingine la uzee. Basi mtu akitaka kumtakia mzee wake maisha marefu, humpa picha ya paka amtazamaye kipepeo. Mgeni huona mchezo wa mnyama tu. Mwenye lugha husoma salamu. Sisi tulio na kanga zenye maneno hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hilo.

Sasa twende Ulaya, na tuangalie kwa makini, maana hapo ndipo penye fundisho kubwa. Mwanzoni watu wa Ulaya walimjua paka kwa kazi yake. Katika nchi ya Wales ziko sheria za kale zinazoitwa kwa jina la mfalme Hywel, aliyekufa yapata mwaka 950. Zasema bei ya paka mchanga ambaye hajafumbua macho ni peni moja. Akifumbua macho ni peni mbili mpaka aue panya. Akiisha kuua panya ni peni nne. Na mtu akimwua au akimwiba paka alindaye ghala la mfalme, hukumu yake ni hii: paka ashikwe mkia, pua yake iguse sakafu safi, kisha ngano imwagwe juu yake mpaka ncha ya mkia ifunikwe. Ngano hiyo ndiyo fidia. Sheria hiyo yachekesha, lakini ina akili. Walimpima paka kwa nafaka, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulinda nafaka.

Kanisani pia alikuwapo. Watawa wa Ireland, yapata mwaka 800, waliandika kwa mkono vitabu vinne vya Injili na kuvipamba kwa rangi; kitabu hicho huitwa Kitabu cha Kells, nacho kimehifadhiwa Dublin. Katika ukurasa wa kuzaliwa Kristo, uliopambwa kuliko kurasa zote, chini kabisa wamechorwa paka wawili wametulia, na panya wamewapanda mgongoni. Mbele yao panya wengine wawili wang'ang'ania mkate mdogo wa mviringo, kama ule wa Meza ya Bwana. Na katika kanisa kuu la Exeter, Uingereza, hesabu za kanisa toka mwaka 1305 mpaka mwaka 1467 zaonyesha kwamba paka alilipwa peni moja kila juma. Fedha hiyo ilikuwa ya kumwongezea chakula, panya wasipotosha. Katika mlango mmoja wa kanisa lile tundu alilokatiwa paka liko hata leo.

Lakini hofu iliingia. Mwaka 1233 Papa Gregori wa Tisa alipeleka barua Ujerumani, baada ya kuletewa habari za watu waliodaiwa kumwabudu shetani usiku. Katika habari hizo, paka mweusi alitajwa kuwa sehemu ya ibada yao. Masingizio ya namna hiyo yalienea baadaye mahali pengi. Na macho ya paka yalisaidia, kwa sababu yang'aa gizani kama makaa. Leo sababu yajulikana: nyuma ya jicho la paka ipo ngozi nyembamba ing'aayo kama kioo, irudishayo mwanga kidogo ulioingia, ili mnyama aone vema usiku. Ng'ombe na mbwa wanayo pia. Lakini yule Mmisri aliona mng'ao ule akaupaka dhahabu, na Mzungu wa zamani zile aliona mng'ao ule ule akasema ni moto wa jehanamu.

Mwaka 1566, katika mji wa Chelmsford, Uingereza, walihukumiwa wanawake watatu kwa uchawi, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1563. Mmoja wao, Elizabeth Francis, alisema kwamba nyanya yake alimpa paka mweupe mwenye madoa, jina lake Shetani, afanyaye mambo maovu kwa amri. Baadaye akampa jirani yake, Agnes Waterhouse, mjane maskini aliyepita miaka 60. Agnes naye aliulizwa, akajibu kwamba alimtunza paka yule ndani ya chungu chenye sufu. Kisha, kwa kuwa alikuwa maskini na akaihitaji ile sufu, alimgeuza paka kuwa chura. Akadaiwa kuwa alimwua mtu wa kijiji kwa maradhi. Siku ya 29 Julai 1566 Agnes Waterhouse alinyongwa. Habari zake zikapigwa chapa mwaka ule ule katika kitabu kidogo chenye picha, kikauzwa, watu wakakisoma; na wengi zaidi wakaanza kuwatazama wajane wa vijiji vyao na paka zao kwa jicho lile.

Nawaomba wasomaji watue hapa kidogo. Ondoeni maneno ya hofu, na kilichobaki ni nini? Ni mwanamke mzee, chungu kimoja, sufu kidogo, na paka. Mtu fulani aliugua akafa, kama watu wafavyo siku zote. Hayo tu.

Paka nao hawakusalimika. Katika mji wa Ypres, Ubelgiji, ilikuwa desturi kuwatupa paka hai kutoka mnara wa kengele siku ya sikukuu, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1817. Siku hizi mji ule huadhimisha desturi hiyo kwa maandamano makubwa kila miaka mitatu, na vitupwavyo kutoka mnarani ni paka wa kitambaa, nao watoto hugombania kuwadaka. Katika Uingereza mafundi wabomoapo nyumba za zamani hukuta mara kwa mara paka aliyekauka, aliyefichwa ukutani ili kuizuia nyumba isidhuriwe. Basi Wamisri walimwua paka kwa kumwabudu, na Wazungu walimwua kwa kumwogopa, na kwa paka mambo hayo mawili yalikuwa mamoja.

Hofu ile ilikomaje? Haikukoma kwa siku moja. Lakini mahakimu walianza kudai ushahidi wa kweli badala ya uvumi, na mwaka 1735 Bunge la Uingereza lilifuta sheria za kale za kuwaua wachawi, likaagiza badala yake kwamba aadhibiwe mtu ajidaiye kuwa na uwezo wa kichawi. Wakati huo yalikuwa yamepita miaka 169 toka Agnes aliponyongwa. Naam, njia ilikuwa ndefu.

Wala tusiwacheke watu wa Chelmsford. Katika nchi yetu ya Tanzania, hasa Usukumani, wanawake wazee wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi sababu iliyotajwa ilikuwa macho yao mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa nini? Kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, ambao mama yule alipikia watoto na wajukuu maisha yake yote. Yaani alama ya kazi yake na upendo wake ndiyo iliyofanywa ushahidi wa kumwua. Jicho la paka liling'aa kwa sababu ya maumbile. Jicho la mama lilikuwa jekundu kwa sababu ya moshi. Na katika yote mawili watu walisoma maneno waliyoyaandika wao wenyewe.

Walakini sisi pia tunayo hekima yetu ya zamani juu ya paka. Mithali yetu yasema, "Paka akiondoka, panya hutawala". Nayo yamtaja kwa kazi yake, si kwa uchawi. Waislamu wa pwani nao humwacha paka apite hata msikitini, wakikumbuka kwamba sahaba mmoja wa Mtume wao aliitwa Abu Huraira, maana yake baba wa paka mdogo. Tena iko hadithi isimuliwayo kwa namna nyingi katika Afrika. Paka alitafuta rafiki mwenye nguvu kuliko wote. Akafuatana na chui, mpaka simba alipomfukuza chui. Akafuatana na simba, mpaka tembo alipomshinda simba. Akafuatana na tembo, mpaka mwindaji alipompiga tembo. "Huyu ndiye mkuu," akasema paka, akamfuata mwindaji mpaka nyumbani. Mwindaji alipofika mlangoni, mkewe alimwambia aweke silaha pale, anawe, akae kitako angoje chakula, naye akatii. Paka akaona, akapita moja kwa moja mpaka jikoni, akaketi karibu na moto wa mama. Yuko huko hata leo.

Nimeifikiri sana hadithi hiyo. Wataalamu wa mwaka 2007 walichunguza chembe za urithi, na wachimbuzi wa Kipro walichimbua kaburi, wakatuambia kwamba paka hakukamatwa, bali alikuja mwenyewe mahali penye chakula na panya. Bibi zetu walikuwa wamekwisha kutuambia hayo kando ya moto. Katika hadithi yao paka si mungu wala si shetani. Ni mgeni aliyechagua nyumba, na mwenye nyumba ni mama.

Basi, mtu akisikia kwamba paka wa fulani hutumwa usiku, na aulize swali lile nililowauliza watoto: "Nani asema?" Asipopata jibu, anyamaze, wala asilipeleke neno lile mbele. Zile Amri Kumi zatukataza kumshuhudia jirani uongo, na uongo uliopokewa kwa mwingine ni uongo vilevile. Chelmsford hakuna aliyekusudia kumwua mjane siku ya kwanza. Walianza kwa kusema tu.

Watoto wale watatu niliwaomba kwa wazazi wao Jumamosi iliyofuata, nikaenda nao kwa bibi kumsaidia kushusha mahindi na kuyapukuchua. Hatukukuta bunzi lililotafunwa na panya hata moja. Paka alikuwa amelala juu ya gunia tupu. Mtoto yule aliyenijibu njiani alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Bibi, anaitwa nani?" Bibi akacheka, akasema, "Anaitwa Mlinzi. Toka mwaka juzi sijapoteza debe moja." Jioni watoto walirudi kwao, kila mmoja na mahindi mawili ya kuchoma mkononi.